Silaha na Wasomi: Kutoka Ngome ya Kalenga hadi Rada ya Songwe

Kijiji cha Kalenga, kilicho kando ya mto Ruaha Mdogo, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka mji wa Iringa, hutajwa vitabuni kwa sababu ya mtu mmoja, Mtwa Mkwawa, na kwa sababu ya fuvu lake lililorudishwa hapo mwaka 1954. Ni haki kijiji hicho kitajwe hivyo. Walakini Kalenga ina habari nyingine ambayo waandishi wengi wameipita mbio, nayo ni habari ya silaha: ziliundwa na nani, nani alijua kuzitumia, na nani alipewa kazi na mshahara kwa ajili yake. Habari hiyo haikukoma Mkwawa alipojiua mwaka 1898. Imeendelea katika kambi za askari, katika mabaraza ya bunge, katika mahakama ya London na katika kiwanja cha ndege cha Songwe, karibu na Mbeya. Imeendelea pia katika mawazo ya kijana aliyehitimu uhandisi, asomaye matangazo ya kazi ya makampuni makubwa ya Ulaya yaundayo silaha na vyombo vya anga, akawa anajiuliza kama mlango ule umefunguliwa kwa ajili yake ama kwa ajili ya wengine.

Tarehe 17 Agosti 1891, hapo Lugalo, mashariki ya Iringa, jeshi la Wahehe liliushukia msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Msafara ule ulikuwa na bunduki za kisasa, na mizinga, na bombomu, kama bunduki ya rashasha ilivyoitwa siku zile. Hata hivyo vita havikuchukua muda. Mzinga uliofunguliwa vipande na kupakizwa migongoni ni chuma tu, na askari aliye katika mstari mrefu porini hana nafasi ya kujaza risasi mara ya pili pale ambapo mkuki umekwisha mfikia. Zelewski alikufa, na pamoja naye Wazungu wengine na mamia ya askari na wapagazi. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Waliorudi Kalenga walirudi na mamia ya bunduki walizoziteka.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Ikiwa silaha peke yake ndiyo nguvu, basi baada ya Lugalo ngome ya Kalenga ilikuwa na nguvu mara mbili: ya mikuki iliyokuwapo na ya bunduki zilizoongezeka. Mkwawa hakuwa mtu mzembe. Alijenga kuta za mawe na udongo zilizopita kimo cha mtu, akaiita ngome yake Lipuli, naye alikuwa na watu walioweza kujifunza kitu chochote kwa haraka. Lakini mwishoni mwa Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele alipofika na mizinga, silaha zilizotekwa hazikuiokoa ngome. Wenyeji husimulia kwamba mizinga ilitupa marisau yake kutoka upande wa kilima kiitwacho sasa Tosamaganga, na wengine hudai kuwa jina lenyewe latokana na kutupwa kwa mawe hayo. Tarehe 30 Oktoba ngome ilivunjwa.

Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, na wanahistoria wameziandika. Moja yao yafaa kutazamwa hapa. Bunduki ya kisasa haikuwa kama gobori, ambalo mhunzi wa kijijini angeweza kulitengeneza likiharibika na kulijaza baruti iliyonunuliwa kwa pembe za ndovu. Bunduki ya kisasa ilitaka risasi za kipimo chake, zilizotoka katika kiwanda kimoja, na vipuri vilivyotoka katika kiwanda hicho hicho. Ilitaka mtu aliyefunzwa kuifungua, kuisafisha na kuifunga tena. Kwa maneno mengine, silaha ile ilikuwa ncha tu ya mkuki mrefu sana, na mpini wake ulikuwa Ulaya. Aliyeiteka Lugalo aliiteka ncha. Mpini haukutekwa.

Mpini huo ulikuwa na majina. Mizinga ya Wajerumani ilitoka katika viwanda vya Krupp vya mji wa Essen. Bombomu iliyokuwa mashuhuri kuliko zote katika miaka ile ilibuniwa London na Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, naye aliunda kampuni yake mwaka 1884 kwa msaada wa fedha za jamaa ya Vickers, wafua chuma wa Sheffield. Mwaka 1897 Vickers waliinunua kampuni hiyo kabisa. Huko Ujerumani bombomu hiyo hiyo iliundwa kwa ruhusa ya mwenye kuibuni, hata ikawa kwamba mataifa yaliyoshindana kugawana Afrika yalikuwa yakinunua ubunifu wa mtu mmoja. Vickers waliingia katika kazi ya kuunda ndege mwaka 1911. Mwaka 1960 idara yao ya ndege iliunganishwa na nyingine kuwa shirika moja la ndege la Uingereza. Mwaka 1977 mashirika hayo yalitaifishwa na kuunganishwa chini ya jina la British Aerospace, na mwaka 1999, baada ya kuungana na Marconi Electronic Systems, yalizaa kampuni iitwayo BAE Systems. Ukoo huu una matawi mengi, na si kila tawi limepita katika njia hiyo. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwamba kampuni iliyokuja kuiuzia Tanzania rada haikuwa mgeni wa jana katika historia ya silaha.

Sasa watazamwe watu walioajiriwa. Katika Tanganyika kazi ya silaha ilikuwa miongoni mwa kazi za mshahara za kwanza kabisa. Hermann von Wissmann alipokuja kupigana na watu wa pwani mwaka 1889, hakuwa na askari wa Kijerumani wa kutosha. Alikwenda kuajiri mamia ya Wasudani huko Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Watu hao hawakuwa na ugomvi na Abushiri wala na Mkwawa. Walikuwa na mkataba. Baadaye wenyeji wa nchi nao waliandikwa, na Wahehe wenyewe, baada ya kushindwa, wakasifiwa kuwa askari hodari na kutafutwa kwa kazi hiyo, na Wajerumani kwanza, kisha na Waingereza katika jeshi la King's African Rifles. Wajerumani waliwachagua pia vijana kadhaa waliojua kusoma, wakawafundisha kupeleka habari kwa vioo vya jua kutoka kilima hadi kilima. Kazi hiyo ilihitaji shule, na huenda vijana hao ni miongoni mwa wa kwanza katika nchi hii kupewa kazi ya vita kwa sababu ya elimu yao, kabla ya nguvu ya mikono yao. Lakini kufundishwa kulikuwa na mpaka. Kijana alifundishwa kupeleka habari, wala hakufundishwa jinsi chombo kilivyoundwa. Katika jeshi la Mwingereza mpaka huo ulikuwa mkali zaidi, kwa kuwa miaka mingi Mwafrika hakuweza kupanda juu ya vyeo vya chini.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 urithi huo ulionekana wazi. Mwalimu Nyerere alizoea kuwakumbusha watu kwamba nchi ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Katika jeshi maofisa wengi walikuwa bado Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai mambo mawili: mishahara izidishwe, na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Maasi yalizimwa siku chache baadaye na wanamaji wa Uingereza, jambo lililoiachia serikali fedheha kubwa, na tarehe 1 Septemba 1964 jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, liliundwa. Kambi ile ikapewa jina la Lugalo. Jina hilo lilichaguliwa kwa ajili ya ushindi wa 1891, lakini katika Lugalo zote mbili, ya Uhehe na ya Dar es Salaam, swali lilikuwa moja: silaha ipo, je, ujuzi wake na amri yake viko kwa nani?

Mwaka 1966 swali hilo likawageukia wasomi wenyewe. Serikali ilipotaka kila mhitimu wa chuo kikuu atumike katika Jeshi la Kujenga Taifa, kisha apokee sehemu tu ya mshahara wake kwa muda, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu tarehe 22 Oktoba. Walikataa masharti. Mwalimu alighadhibika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi wao walirudi chuoni baadaye. Kisa hiki husimuliwa aghalabu kuwa kisa cha ubinafsi wa wasomi, na kwa hakika maneno mengine yaliyoandikwa katika mabango yao hayakuwa ya heshima. Lakini kinastahili kusomwa pia kwa upande mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mhitimu wa nchi hii kuulizwa waziwazi kazi ya ulinzi ina thamani gani kwake, na kwa masharti ya nani. Ulaya swali hilo hilo lilikuwa likiulizwa kwa njia ya utulivu zaidi, kwa barua ya kampuni yenye mshahara ndani yake.

Maana katika nchi za viwanda, tangu vita vya pili vya dunia, kiwanda cha silaha kilikuwa kimekwisha kubadilika. Mabadiliko hayo yaweza kuhesabiwa tangu tarehe 26 Februari 1935, Robert Watson-Watt na mwenzake walipojaribu karibu na Daventry, Uingereza, kuitambua ndege kwa mawimbi ya redio yanayorudi baada ya kuigonga. Jaribio lilifaulu, na chombo kilichotokana nalo kikaitwa rada. Rada haifuliwi kwa nyundo. Ni hesabu, ni elimu ya umeme, ni subira ya mtu aliyeketi mbele ya karatasi. Kampuni iliyotaka kuunda chombo cha namna hiyo ilibidi ikafute watu vyuoni, na kadiri ndege, makombora na kompyuta zilivyoendelea, ndivyo idadi ya wasomi katika makampuni hayo ilivyozidi. BAE Systems leo ina wafanyakazi zaidi ya 100,000 katika nchi kadhaa. Kila mwaka huandika wahitimu wapya kwa mamia, na vijana wengine wengi wa kujifunza ufundi kazini. Desturi yao ni kumpitisha mhitimu katika idara mbalimbali kwa muda wa miaka 2 hivi, leo katika kuandika programu za kompyuta, kesho katika majaribio ya mitambo, baadaye katika ununuzi au mikataba, hata aijue kazi kwa upana kabla ya kuwekwa mahali pake. Anayedhani kuwa mhitimu huyo hushinda mchana kutwa akigusa mabomu amekosea. Wengi wao hawalioni hata moja. Wanaona michoro, hesabu, ripoti na mikutano. Ubaya wa jambo hili, au uzuri wake, hutegemea anayelitazama, kwa kuwa mtu aweza kufanya kazi miaka 30 katika kiungo kimoja cha silaha bila ya kupata kuuliza silaha yenyewe inakwenda wapi.

Je, mhitimu wa Afrika Mashariki ana nafasi humo? Jibu limo katika masharti. Kazi nyingi za makampuni hayo zahitaji mtu achunguzwe na serikali ya nchi yenye kampuni, na katika Uingereza uchunguzi wa kawaida hutaka mwombaji awe amekaa nchini humo kwa miaka 5 hivi. Kazi za siri zaidi hupewa raia tu. Huko Marekani sheria ya kuzuia ujuzi wa silaha usitoke nje huyafanya makampuni kuwachagua raia na wakazi wa kudumu. Basi kijana wa Iringa aliyekwenda kusoma Uingereza kwa msaada wa wazazi wake, akapata shahada nzuri kuliko wenzake, aweza kukuta kwamba wenzake wameitwa kwenye mahojiano naye hakuitwa. Hakuna aliyemwonea. Sheria ndiyo iliyosema hivyo, na nchi yoyote yenye akili huilinda siri yake. Lakini athari yake ni kwamba nchi inayonunua chombo haiwezi kwa urahisi kumpeleka mtu wake akakae mahali kinapoundwa. Mpini wa mkuki ungali Ulaya.

Hapa ndipo inapoingia habari ya rada ya Tanzania, ambayo katika siasa za nchi imekuwa methali. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Siemens Plessey, iliyokuwa na mizizi katika Ujerumani na Uingereza, ilifanya mazungumzo na serikali ya Tanzania juu ya rada ya kuongozea ndege. Kampuni hiyo ilipouzwa, biashara ikawa mali ya British Aerospace. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1999, na bei ilikuwa paundi milioni 28 hivi. Ulipotokeza hadharani, ubishi ulikuwa mkubwa. Wakati huo Tanzania ilikuwa katika orodha ya nchi maskini zinazosamehewa madeni. Benki ya Dunia, na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, waliona kwamba chombo kilikuwa cha gharama kubwa mno na kwamba teknolojia yake haikuifaa kazi ya ndege za abiria. Katika baraza la mawaziri la Uingereza kwenyewe, Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, alipinga. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono, na leseni ya kuisafirisha rada ikatolewa Desemba 2001. Rada ikaja, ikasimamishwa Dar es Salaam.

Watetezi wa ununuzi ule walisema kwamba nchi huru ina haki ya kulinda anga yake, na kwamba wahisani wasiwe walimu wa kila jambo. Hoja hiyo ina uzito wake, wala isidharauliwe na wale wanaoona kila ununuzi wa Kiafrika kuwa ni upumbavu. Udhaifu wake ulikuja kuonekana katika hesabu. Ofisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa iligundua kwamba dola milioni 12 na zaidi, yaani kama theluthi ya bei, zilikuwa zimelipwa kwa makampuni ya dalali mmoja aliyekuwa Tanzania. Mwaka 2010 BAE Systems ilikubali kosa moja: kutoweka hesabu za kutosha juu ya malipo hayo. Kosa la rushwa halikushtakiwa, na hilo ni jambo la kuangaliwa na kila anayeandika juu ya kisa hiki. Tarehe 21 Desemba 2010 mahakama ya Southwark, London, iliitoza kampuni faini ya paundi 500,000. Katika maafikiano yake kampuni ilikuwa imeahidi kutoa paundi milioni 30 kwa faida ya watu wa Tanzania, faini hiyo ikitolewa humo. Zikabaki paundi milioni 29 na nusu.

Fedha hizo Watanzania waliziita chenji ya rada. Jina hili lilizaliwa midomoni mwa watu, na lina akili nyingi kuliko hati zote za wanasheria. Chenji ni haki ya mnunuzi aliyetoa zaidi ya bei; si sadaka, wala haiombwi kwa kupiga magoti. Ndiyo maana kampuni ilipotaka kuzigawa fedha kwa utaratibu wake yenyewe, na muda ukapita bila malipo, wabunge wa Tanzania walikwenda London mwaka 2011 kudai, na kamati ya Bunge la Uingereza nayo ikaikemea kampuni kwa kuchelewa. Mwaka 2012 fedha zililipwa kwa serikali, zikiwa zaidi ya shilingi bilioni 70, na zikaelekezwa katika shule za msingi, kununulia vitabu vya kiada, viongozi vya walimu na madawati.

Kwa hiyo ikatokea jambo ambalo katika historia ya elimu ya nchi hii halina ndugu. Kampuni ya silaha, ambayo katika nchi yake hutafuta wahitimu wa hesabu na fizikia kwa matangazo ya kupendeza, ilijikuta ikiwanunulia watoto wa Tanzania vitabu vya hesabu vya darasa la kwanza. Huko iliajiri watu waliofika mwisho wa safari ya elimu. Huku ililipia hatua ya kwanza, na kwa sababu ya kesi. Yafaa kukumbukwa pia kwamba vitabu vina umri. Mitaala ya shule za msingi ilianza kubadilishwa mwaka 2015, kuanzia madarasa ya chini, na kitabu kilichonunuliwa kwa mtaala wa zamani, hata kikiwa na jalada zima, hubaki kabatini. Dawati lilidumu zaidi.

Kati ya ncha hizo mbili, mtoto wa darasa la kwanza na mhandisi wa London, kuna nafasi ambayo nchi yenyewe ndiyo iliyopaswa kuijaza, na haikosi kujaribu. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Mwaka 1974 lilianzishwa Shirika la Mzinga la Morogoro, linalotengeneza risasi, na baadaye kituo cha Nyumbu huko Kibaha, kilichokusudiwa kubuni magari ya kufaa barabara zetu na jeshi letu. Nyanda za Juu Kusini zilipata Chuo cha Ufundi Mbeya mwaka 1986, nacho mwaka 2012 kikapandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa nayo ina chuo kikuu kishiriki cha ualimu chenye jina la Mkwawa. Mashirika ya Mzinga na Nyumbu hayajulikani sana na wahitimu. Sehemu ya sababu ni siri ya kijeshi, na sehemu nyingine ni kwamba fedha za kubuni vitu vipya hazikuja kwa mfululizo. Mhandisi aliyeajiriwa kubuni, akakaa miaka akitengeneza vilivyovunjika, hujifunza mengi, lakini si lile aliloajiriwa kwa ajili yake.

Mwaka 2017 serikali iliingia mkataba mwingine wa rada. Safari hii muuzaji alikuwa tawi la Kifaransa la Thales, kampuni ya ulinzi na vyombo vya anga iliyoitwa Thomson-CSF mpaka mwaka 2000, yenye wafanyakazi makumi ya maelfu duniani. Mnunuzi alikuwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na rada zilikuwa 4, kwa bei ya shilingi bilioni 67 na kitu: moja ya Dar es Salaam, moja ya Kilimanjaro, moja ya Mwanza, na moja ya Songwe. Anayelinganisha mikataba hii miwili ataona tofauti kwa haraka. Mwaka 1999 rada 1 iligharimu paundi milioni 28. Mwaka 2017 rada 4 zilinunuliwa kwa fedha zinazokaribia kiasi hicho, ingawa thamani ya fedha imebadilika na vyombo si vya namna moja, kwa hiyo ulinganisho huu usisukumwe mbali mno. Ununuzi wa pili ulizungumzwa hadharani tangu mwanzo kuwa ni wa ndege za abiria, wala haukufunikwa kwa maneno ya siri ya ulinzi. Hilo pekee lilipunguza nafasi ya dalali.

Lakini rada ya Songwe imeleta jambo jingine ambalo kwa mwanafunzi wa historia ni kubwa kuliko bei. Kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya kiwanja cha zamani cha Mbeya, kiko kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na barabara hiyo hiyo ndiyo ipitayo Iyunga, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Rada ni chombo kisicholala. Hutaka umeme usiokatika, mafundi wa zamu, vipuri vilivyowekwa tayari, na mtu awezaye kutambua kwa nini alama ya ndege imetoweka kwenye kioo, kama ni ndege iliyoshuka au ni mtambo ulioumwa. Waongoza ndege na mafundi wa Tanzania husomeshwa katika chuo cha Mamlaka kilichopo Dar es Salaam, na hiyo ni kazi ya heshima inayofanywa na watu wa nchi. Walakini programu iliyomo ndani ya rada iliandikwa Ufaransa, na mabadiliko yake huandikwa huko huko.

Wapo wasomi, na hoja yao ni safi, wanaosema kwamba kijana wa Kiafrika hana haja ya kusikitika kwa kukosa nafasi katika makampuni ya silaha, kwa kuwa bidhaa zao zimeua watu wengi, na Uhehe ni shahidi. Mwenye kusema hivyo asijibiwe kwa mshahara. Ajibiwe kwa kuonyeshwa kwamba rada inayomzuia rubani asigonge mlima wa Mbeya katika mawingu ya mwezi wa Machi, na rada inayoelekeza kombora, zimezaliwa na elimu moja, katika kampuni moja, mara nyingi katika jengo moja. Kuikataa ya pili ni haki ya dhamiri. Kuijua ya kwanza ni jambo la lazima kwa nchi yenye viwanja vya ndege, na bado haijapatikana njia ya kuwafundisha vijana ile moja bila ya kupita karibu na nyingine.

Njia zilizopo ni za mkataba. Nchi kadhaa zinunuapo vyombo vya namna hii hulazimisha muuzaji aandike katika mkataba idadi ya wahandisi watakaokaa kiwandani mwake, si kwa majuma mawili ya kufundishwa kubonyeza vifungo, bali kwa miaka, na aeleze sehemu gani za chombo zitatengenezwa katika nchi inayonunua. Brazil na India zimefanya hivyo katika ununuzi wa ndege, kwa kupanda na kushuka. Tanzania, ikinunua chombo kimoja kimoja kwa miaka mingi kati yake, haina nguvu ya Brazil mezani. Ina vyuo sasa, ambavyo mwaka 1961 haikuwa navyo, na ina wahitimu ambao hesabu yao haiishii kwenye 2. Mkataba wa rada wa 1999 uliandikwa na mawakili, madalali na mawaziri. Katika kisa chote kile, kama kilivyosimuliwa mahakamani na bungeni, ni vigumu kumwona hata mhandisi mmoja wa Kitanzania aliyeketi mezani akaulizwa kama chombo kinafaa.

Mafundi wa zamu wa Songwe wangeweza kuulizwa. Ndio wanaojua ni kipuri gani huharibika kwanza.